Kiti cha Mama Abbé

Jumatatu ni siku ya mapumziko ya mapadri, na kwa Mama Hortense wa mtaa wa Katuba ilikuwa siku ya kuwaonyesha majirani gari. Gari lenyewe lilikuwa la parokia, kuukuu, na mlango wake mmoja ulifungwa kwa waya. Hata hivyo, lilipoingia barabara yao likitimua vumbi, yeye alikuwa ameshasimama kwenye geti la lupango, yaani ua wake, mikono kiunoni, akisema kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu: "Karibu, Abbé!"

Ndiyo, Abbé. Mtoto aliyemzaa mwenyewe, akamfuta kamasi, akamchapa kwa kudokoa samaki wa kuuza. Tangu alipopakwa mafuta ya upadri, miaka tisa sasa, hakumwita Clément hata mara moja. Majirani nao walisahau kwamba yeye ni Hortense muuza samaki wa Pweto. Alikuwa Mama Abbé, na cheo kile kilikuwa na kiti chake kanisani: kiti cha mbao chenye mikono miwili na mto mwekundu, kimewekwa mbele kabisa karibu na altare, mbali na mabenchi ambako Wakristo wengine walibanana na watoto wao na jasho lao. Ukitaka kumjua Mama Hortense, mtazame anavyokikalia. Kwanza hugeuka nyuma kuangalia nani anaona, ndipo huketi.

Jumatatu ile Abbé Clément hakula. Bukari, ugali wa kwao, ilikuwa inafuka moshi, samaki amepikwa kwa nyanya na vitunguu jinsi anavyopenda, naye anamega tonge, analizungusha vidoleni, analirudisha sahanini.

"Mama, niko na neno."

"Kula kwanza, Abbé. Neno haiozaka. Samaki njo inaozaka."

"Mama, ni juu ya muntu. Mwanamuke."

Mama Hortense akaweka kijiko chini. "Nani anakusingizia? Ni Delphine? Ule mwanamuke anatafuta kiti yangu tangu zamani!"

"Hakuna mwenye ananisingizia. Ni miye. Ninamupenda Ngalula."

Ngalula alikuwa fundi cherehani, mwenye kibanda mbele ya kanisa, hodari wa kushona mavazi ya misa. Mara moja Mama Hortense akakumbuka yale aliyoyaona bila kuyaona. Mwezi wa kwanza soutane ya Abbé, kanzu yake ya upadri, ilipelekwa kufupishwa. Mwezi wa tatu ilipelekwa kurefushwa. Mwezi wa nne vifungo vyote thelathini na tatu vilibadilishwa, na mwezi uliofuata vikarudishwa vile vya zamani. Mtu mzima wa miaka thelathini na tisa haongezeki wala hapungui urefu kila mwezi.

"Iko na mimba?"

"Hapana, Mama! Hatuyafanya kitu hata kimoja. Tunasemaka tu. Ninakaaka pale kwenye kiti ya wateja, anashona, tunasema."

"Miezi yote hii munasema nini?"

Abbé Clément alifikiri kwa makini, kama aliyeulizwa swali la mtihani. "Sijue. Juu ya bei ya makala ya kupikia. Juu ya baba yake. Mama, ninachekaka kule. Tangu seminari sikucheka vile."

"Halafu ni Mukasai, siyo muntu wa kwetu!"

"Alizaliwa hapa hapa Katuba, maternité moja na miye."

"Hiyo maternité nayo ilikuwa inachukua kila muntu," akasema Mama Hortense, na machozi yakamtoka. Alilia kwanza kwa hasira, kisha kwa uchungu, na uchungu ulikaa zaidi.

Mwanawe akatoa bahasha katikati ya kitabu chake cha sala. Ilikuwa barua kwa Monseigneur, askofu wake, kuomba kuachiliwa. Alikuwa ameiandika wiki tatu zilizopita, na kila asubuhi alipanda nayo altareni. "Niliahidi mbele ya Mungu, Mama, na siyo mchezo. Lakini ninainua kalisi ya divai, ninasikia niko muongo. Hapa siko muzima, kule siko muzima." Akaisukuma bahasha hadi karibu na sahani. "Uamue weye. Ukisema nibaki, nitabaki. Ukisema nitoke, nitatoka."

Mama Hortense aliitazama bahasha ile kama mtu aliyewekewa nyoka mezani. Kisha akasema neno pekee lililomjia.

"Na kiti yangu?"

*

Kesho yake alimwita kaka yake mkubwa, mzee Kapya, mstaafu wa reli na msemaji wa ukoo. Mzee Kapya hakuwa mtu wa kushtuka. Alisikiliza hadithi yote akiwa amefumba macho, akaomba chai, akaomba sukari zaidi, ndipo akafumbua.

"Hortense, siku ile ya upadri, bantu ya parokia walikuya na nini hapa kwetu?"

"Mbuzi mbili. Blanketi. Sufuria tatu. Na kiti."

"Walikuya namna gani?"

"Na ngoma. Wakiimba."

"Nani alijibu?"

"Ni weye, yaya yangu mukubwa."

"Nilisema nini?"

"Ulisema: mutoto sasa ni wenu."

"Voilà. Sasa mwanamuke akitoka kwa bwana yake, akarudia kwao, shiye tunafanyaka nini?"

Mama Hortense akaona anakoelekea. "Tunarudishaka bintu ya mahari, dot yote."

Haki ya Mungu, Wakristo wa parokia walikuwa wameleta zawadi tu, kwa furaha yao, kama parokia nyingine zinavyofanya. Lakini mzee Kapya, aliyekwisha kuoza mabinti sita wa ukoo, akiona mbuzi anaingia na ngoma akili yake hukimbilia mahali pamoja. Siku ile aliwafungua mbuzi wale vinywa akakagua meno, akakataa mmoja kwa kukonda, na parokia, kwa mshangao na adabu, wakaenda kuleta mwingine. Tangu hapo, kwa ukoo mzima, Clément alikuwa ameolewa na Kanisa, na ndoa ilikuwa na vitu vyake.

Wakapiga hesabu ya vilivyobaki. Mbuzi waliliwa siku ile ile. Blanketi lilizikwa pamoja na marehemu mume wa Mama Hortense. Sufuria moja ilitoboka na mbili ziliazimwa na shemeji, na cha kuazimwa na shemeji hakirudi.

"Inabaki kiti," akasema mzee Kapya. "Kiti inatosha, ni alama. Lakini haiwezi kurudishwa toka kanisani. Muntu harudishaki kuku yenye iko bado kwenye kibanda ya mwenyewe! Itoke kule, ikuye hapa kwetu, halafu tuipeleke kwa Monseigneur na mikono yetu. Bila ile, mutoto akitoka, anatoka na deni, na laana inamufuata."

Mama Hortense hakuwa na nguvu ya kubishana. Kusema kweli, hakujua anataka nini. Akimwambia mwanawe abaki, yeye mama atabaki na kiti, atabaki na meza ya mbele kwenye harusi za matajiri kule hotelini Karavia, na atabaki na padri asiyekula. Akimwambia atoke, Delphine atacheka hadi meno ya mwisho. Alimpenda mwanawe, hilo halina ubishi. Lakini alikipenda na kiti, na alijionea haya kwa kuvipima pamoja.

*

Jumatano asubuhi alikwenda kanisani saa ambayo hapana mtu. Alikuwa amesahau kwamba Jumatano ni zamu ya Mamans catholiques, chama cha kina mama, kufagia. Alikwisha kuinua kiti hadi kifuani aliposikia fagio limenyamaza nyuma yake.

"Mama Abbé," akasema Mama Delphine, rais wa akina mama wale, mwanamke mnene mwenye macho yasiyopitwa na kitu. "Kiti inaenda wapi?"

"Kwa fundi," akajibu Mama Hortense upesi. "Muto umetoboka."

Mama Delphine akakaribia, akaukagua mto pande zote. Haukuwa na tundu, ila ulikuwa umelala bapa kwa uzito wa miaka tisa. "Kweli umekufa," akasema, na uso wake ukang'aa, maana hakuna kitu alichokipenda kuliko kazi ya kuwapangia wenzake. "Mbona hukusema? Mama ya Abbé wetu akalie ubao? Ba-mama, acheni fagio! Tunaipeleka shiye wenyewe."

"Hapana, hapana, nitafika peke yangu..."

"Peke yako namna gani? Ni kiti ya parokia nzima! Na fundi iko hapa tu mbele, Ngalula. Anashonaka muzuri."

Mama Hortense alinyosha mkono kukizuia. Lakini kiti kilikwisha kupanda kichwani mwa mwanamke mmoja, na wimbo wa Bikira Maria ulikwisha kuanza. Wakavuka barabara hivyo, kina mama kumi na wawili wenye vigelegele, kiti mbele, na mwenye kiti nyuma, akitabasamu kwa meno huku anaomba ardhi ipasuke. Mwenye pikipiki alisimama akauliza nani anaoa.

Ngalula alitoka mlangoni na futi ya kupimia shingoni. Alimwona nani yupo nyuma ya msafara, na akaivua futi upesi.

"Tumekuletea kazi," akasema Mama Delphine. "Muto mupya, na velours, kitambaa ya laini ya muzuri. Mama Abbé atabaki akuonyeshe namna anapenda. Shiye tunarudia kufagia."

Wakaondoka na wimbo wao. Wakabaki wawili, na kiti katikati.

*

Maneno Mama Hortense alikuwa nayo. Aliyapanga usiku mzima juzi, tena makali: mwizi wa madhabahu, mwanamke asiye na haya, nenda kwenu. Lakini Ngalula alipiga magoti sakafuni, akapiga makofi madogo ya heshima, akasema: "Jambo, Mama. Ikala, nakuomba." Na mahali pa kukaa palikuwa kiti kile tu cha mbao na kingine kidogo cha wateja. Mama Hortense alikwepa chake, akakaa cha wateja. Kumbe hapo ndipo mwanawe alipokaa miezi yote ile. Kilikuwa kigumu, na kimeegemea upande.

"Weye njo unapimaka muntu ya Kanisa," akaanza, lakini sauti haikutoka kwa ukali alioupanga.

"Ni miye, Mama."

"Unataka nimufukuze kanisani akuye hapa kuhesabu vifungo?"

Ngalula alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwenye uso mtulivu na kidole kimoja chenye kovu la sindano. Aliuchukua mto, akaufungua mshono kwa wembe, akatoa sponji iliyochoka na kuiweka kando.

"Mama, nikuambie kweli. Miye nilimukataza kukuya hapa. Mara mbili. Nilimurudishia soutane hata haijaisha. Ninaogopa Mungu, na nilipokeaka komunyo kwa ile mikono yake. Lakini kumupenda, ninamupenda. Siwezi kukudanganya."

"Halafu?"

"Halafu akaniambia: nitauliza Mama. Nikakasirika. Nikamuambia: usiniletee ruhusa ya Mama yako, niletee miguu yako." Alianza kukata kitambaa chekundu, mkasi unakwenda bila kusita. "Kwako alisema: ukisema nitoke, nitatoka. Si njo vile? Na miye aliniambia: ukisema nibaki, nitabaki. Mama, aliniachia uzito wake, akakuachia na weye. Shiye ba-mama tunabeba bidon ya mayi ya kunywa, tunabeba makala, tunabeba samaki. Na hii tena?"

Mama Hortense alitaka kukasirika, maana si vizuri mgeni akusemee mwanao. Lakini shingo ilikuwa inamuuma kwa miaka ya kubeba samaki, na maneno yalikuwa ya kweli. Na tena, hili alilificha hata kwa mzee Kapya, alipenda jinsi mwanamke yule alivyoushika mkasi.

"Itakuwa tayari siku gani?"

"Siku ya kwanza, ile ya nyuma ya Jumapili. Sponji ya muzuri ninaitafuta mujini."

"Bei?"

"Mama, tafazali. Siwezi kupokea kwako."

"Basi itabaki hapa," akasema Mama Hortense akiinuka. "Lakini hautaniletea. Na miye sitakuya kuichukua."

*

Jumapili, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, Mama Hortense alikaa kwenye benchi. Alibanwa kati ya Mama Delphine na mwanamke mwenye pacha, na pacha mmoja akamtapikia bega. Watu waligeuka kumtazama. Wengine walimpa pole kwa kiti, kwa sauti ile ya pole inayoonja kitamu.

Misa ilianza. Na sasa, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kuangalia nani anamwangalia, Mama Hortense alimwangalia padri. Alikonda. Kola ilikuwa inacheza shingoni mwake. Wakati wa kuinua kalisi, mikono yake ilitetemeka hadi mtumishi wa misa akasogea, akidhani itaanguka. Miaka yote ile, pale mbele, hatua tano tu kutoka kwake, hakuwahi kuiona mikono ile. Alikuwa anaangalia nyuma.

"Eeh Leza wangu," akasema, na Mama Delphine akadhani ni sala.

Baada ya misa alimfuata sakristia. Mwanawe alikuwa anavua mavazi, naye akamsaidia kukunja stola, taratibu, kama alivyokuwa akikunja nguo zake za shule.

"Sisemi ubaki. Sisemi utoke," akamwambia. "Ile neno haikuwa ya kuuliza mama. Kiti iko kwa Ngalula. Kesho utaenda kuichukua weye mwenyewe, muchana, bantu wanaona, na utaibeba kwa kichwa. Ukibaki, ilete hapa kanisani. Ukitoka, ipeleke kwa Monseigneur, ni dot yake, mjomba wako amesema irudi. Lakini ubebe weye. Shingo yangu imechoka."

"Mama, kwa kichwa? Padri na kiti kwa kichwa, katikati ya Katuba?"

"Miye niliisindikiza na wimbo," akasema Mama Hortense. "Weye utabeba bila wimbo. Itakuwa rahisi."

*

Jumatatu Mama Hortense alisimama kwenye kona, karibu na mwavuli wa muuza yuniti za simu, mzee Kapya pembeni akiwa amevaa koti la harusi kwa ajili ya safari ya kwa Monseigneur. Kutoka pale uliona kibanda cha Ngalula, uliona mlango wa kanisa, na uliona njia ya kwenda mjini. Jua lilikuwa kali, na habari ilikuwa imeshatangulia. Habari katika Katuba haingoji kupanda basi.

Abbé Clément alitoka kibandani amevaa shati la kawaida, kiti kichwani. Kilimkaa vibaya. Mwanaume aliyesoma falsafa miaka mitatu na teolojia minne hakuwa amefundishwa kubeba, na alitembea kama anayevuka mto wenye mawe. Watoto walicheka. Mzee mmoja alivua kofia, kisha akajiuliza kwa nini.

Alipofika mbele ya kanisa akasimama. Mama Delphine na wenzake, waliokuwa mlangoni, wakapiga vigelegele. Kumbe anabaki, akawaza Mama Hortense, na kiti kinarudi, na mbona sifurahi?

Kichwa chini ya kiti kiliinama kidogo mbele ya mlango, kama kinavyoinama mbele ya tabernakulo. Kisha miguu ikaendelea. Vigelegele vikafa kimoja kimoja.

"Anaenda kwa Monseigneur," akanong'ona mzee Kapya, akifunga kifungo cha koti.

Lakini njia ya mjini nayo akaipita. Alikuja moja kwa moja hadi waliposimama wale wawili, akawapita bila neno, akaingia lupangoni mwa mama yake, akakiteremsha kiti kando ya mbabula, jiko la makaa. Jasho lilikuwa linamtoka kama mchimba shimo.

"Ni nini hii?" akauliza mzee Kapya aliyemfuata mbio pamoja na dada yake. "Huko siko ilipaswa kwenda!"

"Nilienda kwa Monseigneur asubuhi sana, mjomba. Barua ilikuwa nzito kuliko kiti, nikaanza nayo." Alivuta pumzi. "Aliisoma mara mbili. Alisema anasikia uchungu. Alisema nisipande tena altare, ningojee jibu ya Roma, na itakuwa murefu. Nililia, Mama. Hata yeye karibu alie."

"Na kiti?" akauliza mama yake polepole.

"Nilimuuliza. Alisema Kanisa halikutoa dot. Ilikuwa zawadi tu. Alisema kiti ni yako, uikalie fasi unataka, hapa au kanisani."

Mzee Kapya alifikiri sana. "Hata mbuzi?"

"Hata mbuzi, mjomba."

"Ile niliyokataa, ya kukonda, ilikuwa nayo zawadi?" Na mzee Kapya, msemaji wa ukoo, akaenda kutafuta chai bila kungoja jibu.

Mama Hortense aliugusa mto mpya. Velours nyekundu, mshono mdogo mdogo usioonekana. Hakuna fundi anayemshonea adui mshono kama ule.

"Iko wapi mwenyewe?"

"Anashona. Alisema hatakuya mupaka siku utamwita."

"Mwambie muto ni mugumu kidogo upande huu," akasema Mama Hortense, ambaye hakuwa ameukalia bado. "Akuye autengeneze. Lakini bila kuharakisha, tunangojea Roma." Kisha akageukia mbabula, akainua mfuniko wa sufuria, na jina likamtoka mdomoni kwa shida, kama mlango uliofungwa miaka tisa. "Clément. Nawa mikono. Samaki inaozaka."

Mwanawe aliinama juu ya beseni, naye akammiminia maji. Mikono ilikuwa bado inatetemeka kidogo. Aliishika yote miwili mpaka ikatulia.

Getini pakatokea Mama Delphine, anahema, macho yanazunguka kutoka kwa kiti hadi kwa mtu mwenye shati la kawaida. Alikuja kuhakikisha kwa macho yake, bila shaka, na huenda pia kutoa pole, maana hakuwa mtu mbaya.

"Jambo, Mama..." akaanza, na cheo kikamkwama kooni.

"Clément," akamsaidia Mama Hortense. "Mama Clément."

Kisha akaketi kwenye kiti chake, bila kugeuka nyuma kuangalia nani anaona.